Sarafu 300, filamu moja na shilingi 281,000

Nianze na hesabu, maana ndiyo inayoniuma. Tuliuza sarafu za kumbukumbu 214, kila moja shilingi 50,000, ili tupate fedha za kumalizia filamu. Watu tisa tukawarudishia chao. Zikabaki 205, yaani shilingi 10,250,000. Tulipokwisha kulipa kiwanda, ndege, forodha, vifuko, posta, mabasi na makato ya kutumiana fedha, filamu yenyewe ikaambulia shilingi 281,000. Karibu mwaka mzima wa kuhangaika, na kilichopatikana hakikutosha hata kumlipa fundi sauti kwa siku tatu.

Tangu filamu itoke, haupiti mwezi bila kijana kuniandikia: "Dada, lile wazo la sarafu lilikuwa kali, na sisi tunataka kulifanya." Nimemjibu mmoja mmoja mpaka nimechoka. Basi haya hapa yote kwa pamoja, pamoja na yale ninayoona aibu kuyasema.

Filamu ni ya hali halisi, dakika 38, inahusu manahodha wanaovusha watu kati ya Kilwa Masoko na Kilwa Kisiwani. Magofu ya Kisiwani yamepigwa picha sana. Msikiti Mkuu, Husuni Kubwa, urithi wa dunia tangu 1981, hayo kila mgeni anayajua kabla hajapanda basi Mbagala. Ila hakuna aliyewahi kumgeuzia kamera yule anayeshika usukani wa mashua. Tulikuwa watatu: mimi, mpiga picha na fundi sauti. Tulipiga nusu ya filamu kwa fedha zetu wenyewe na kwa mkopo wa kikoba cha mama yangu, kisha mfuko ukakauka. Safari ya tatu nilivuka sina hata senti, nikamwambia nahodha, "Mzee, nitakutumia kesho kwa simu," naye akasema, "Haya binti yangu, bahari haikimbii." Zilihitajika milioni 14 hivi za kumalizia: siku sita za kupiga picha, uhariri, kusafisha sauti, muziki, maandishi ya tafsiri na vibali.

Wazo la sarafu halikutoka hewani. Kilwa iligonga sarafu zake yenyewe za shaba, karne nyingi kabla ya sisi kusikia habari za Benki Kuu. Na sarafu zile zina jambo ambalo lilinikosesha usingizi: maandishi yake yana vina. Upande mmoja kuna jina la sultani, kwa mfano Ali bin al-Hasan, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na mwisho wa upande huu unapatana na mwisho wa upande ule. Shairi la mistari miwili kwenye kipande cha shaba kidogo kuliko kifungo cha koti! Zilisafiri pia. Moja imeokotwa Great Zimbabwe. Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aliokota sarafu kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa mwa nchi ile, na tano kati ya hizo zikaja kutambuliwa kuwa za Kilwa. Zilifikaje huko, wataalamu wanabishana mpaka leo.

Nikasema basi, tutagonga sarafu yetu yenye vina. Anayenunua anapata kitu cha kushika, nasi tunapata filamu. Kwenye karatasi ilipendeza mno.

Jambo la kwanza lililotukwamisha ni mahali pa kuchangishia. Majukwaa makubwa ya nje yana orodha ya nchi ambazo wanakubali muanzishaji wa mchango atoke. Kickstarter, kwa mfano, Tanzania haimo. Ndugu yangu aliyeko Uingereza akajitolea kufungua kwa jina lake. Nilikubali, halafu usiku nikajiuliza: fedha zikiingia kwake, kodi ni ya nani? Mteja akikosa sarafu yake, anamshitaki nani? Asubuhi nikamwambia asante, hapana. Mpaka leo nashukuru, kwa sababu ule msukosuko wa baadaye ungemwangukia yeye, mwenye kazi na watoto wake, kwa kosa langu mimi. Tukatumia lipa namba, ile namba ya kulipia kwa simu, kwa walioko nyumbani na akaunti ya benki kwa walioko nje. Tangazo lilikwenda kwa WhatsApp na Instagram. Mkenya atakayesoma hapa asihangaike kama sisi. Kwao M-Changa imekuwepo tangu 2012 na imetengenezwa kwa ajili ya harambee.

Nilikwenda pia kuuliza habari za sheria, na hili nililifanya vizuri, kwa hiyo niruhusuni nijisifu kidogo. Sarafu ya kulipia vitu inatolewa na Benki Kuu tu. Benki Kuu hiyohiyo hutoa za kumbukumbu. Wazee wanaikumbuka ile ya shilingi 20 ya mwaka 1981, miaka ishirini ya Uhuru. Sisi watu wa kawaida tunachoweza kutengeneza ni medali yenye umbo la sarafu. Kwa hiyo kwenye mchoro usiandike thamani yoyote ya shilingi, usiweke nembo ya taifa, wala usimwambie mteja kwamba "itapanda thamani". Hilo la mwisho linavutia ulimi sana wakati mauzo yamedorora. Jing'ate ulimi. Ukishamwambia mtu kitu kitapanda bei, umemuuzia kingine kabisa, na siku moja atarudi kukudai hicho.

Sasa makosa.

La kwanza: nilitaka tuige sarafu halisi ya Kilwa. Ukubwa uleule, shaba ileile, maandishi yaleyale ya Kiarabu yaliyofutikafutika. Nilikuwa nimeiona moja kwa macho. Tulipokuwa tunapiga picha ufukweni Kisiwani, kijana mmoja alinisogelea, akatazama huku na huku, akafungua kiganja. Kipande cheusi chenye kijani pembeni, chepesi, kingo zake si duara kamili. Aliitaja bei. Sitaficha kwamba mkono ulinyooka. Kilichonizuia ni mpiga picha wetu, aliyenivuta kanga akaninong'oneza, "Ukikinunua hicho tumekwisha." Alikuwa sahihi. Mali kale inalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na sisi tulikuwa na kibali cha kupiga picha kwenye magofu ambacho kingefutwa siku hiyohiyo. Sembuse huyo kijana. Nilimrudishia, nikamwambia awapelekee walinzi wa magofu. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa apeleke samaki baharini.

Basi nikachora nakala. Tukatangaza. Siku ya pili mkusanyaji mmoja wa sarafu aliyeko Marekani, Mzanzibari wa asili, akanipigia simu kwa Kiswahili kitamu lakini kikali: "Dada yangu, unajua kwamba huku nakala ya sarafu ya kale lazima iandikwe COPY juu yake? Ni sheria ya mwaka 1973. Na hata isingekuwa sheria, baada ya miaka ishirini hiyo nakala yako itauzwa mtandaoni kama sarafu ya kweli, na wewe ndiye utakuwa umeichafua historia ya Kilwa." Niliona haya. Tukafuta mchoro. Tukaanza upya na kitu ambacho hakiwezi kudanganya mtu: kipande cha milimita 40, unene milimita tatu, shaba ya manjano, upande mmoja matao ya Msikiti Mkuu, upande wa pili mashua yenye injini. Si jahazi la tanga. Mashua, kama ilivyo, na jerikeni la mafuta nyuma.

Vina nikatunga mwenyewe. Upande wa msikiti: KILWA MJI WA ZAMANI. Upande wa mashua: HAUJAFA MIOYONI. Mizani nane kwa nane, kina ni. Nilijiona Muyaka, yule malenga wa Mombasa.

La pili ni hili la bei, na ndilo lililotuua kimyakimya. Kiwanda cha China kilitaka dola 4.20 kwa sarafu moja tukiagiza 300, na dola 180 za kalibu, ule mhuri wa chuma wa kugongea pande zote mbili. Nikapiga hesabu ya haraka: dola nne na ushee, kwa shilingi za wakati ule kama 10,500. Tukiuza 50,000, kila sarafu inaiachia filamu elfu arobaini hivi. Nikaandika kwenye tangazo, kwa herufi kubwa, "BEI NI PAMOJA NA KUTUMA POPOTE DUNIANI." Sijui niliwaza nini. Sarafu ile ina uzito wa gramu 32. Ukiiweka kwenye kikopo chake cha plastiki, kwenye kifuko, kwenye boksi lisilotoboka, si barua tena, ni kifurushi. Kutuma nje kwa rejista, kwa wastani, kulitugharimu 31,000. Na walionunua kutoka nje walikuwa 79: Muscat, Dubai, Nairobi, London, Berlin, Toronto, kwingineko. Zidisha mwenyewe. Mimi nilizidisha nikiwa nimesimama kwenye foleni ya posta, kikapu mkononi, nikatoka nje kunywa maji.

Kama kuna kitu kimoja cha kuchukua katika simulizi hii, nenda posta kabla hujatangaza bei. Chukua jiwe lenye uzito wa zawadi yako, lifunge kama utakavyoifunga, liweke kwenye mzani wao, uulize bei ya nchi tano. Ni nusu siku na nauli ya daladala.

Nikifikiri tena, hata ule umaarufu wenyewe ulikuwa mtego. Tangazo letu la kwanza lilizungumza habari za manahodha. Likauza sarafu 22 kwa wiki mbili, karibu zote kwa watu tunaojuana. Kisha nikaandika habari ya zile sarafu tano za Australia. Ikasambaa kuliko chochote nilichowahi kuandika. Siku nne, sarafu 90. Tukashangilia. Lakini ukisoma maswali yaliyokuja, hakuna aliyeuliza habari za filamu. Waliuliza: Shaba ya aina gani? Mmegonga ngapi? Zina namba ubavuni? Walikuwa wanunuzi wa sarafu, wazuri kabisa, wanaolipa kwa wakati, na wana haki ya kupata sarafu isiyo na dosari. Mshabiki wa filamu atakusamehe ukichelewa miezi sita. Mkusanyaji wa sarafu anataka kujua kwa nini kuna mkwaruzo chini ya tao la tatu.

Na hapo ndipo nilipolifanya lile kosa kubwa.

Kiwanda hutuma mchoro wa kompyuta uukubali kabla ya kuchonga kalibu. Mchoro wa kwanza ulikuwa sawa, nikaomba mashua iongezwe ukubwa. Wa pili, mashua sawa lakini maandishi yamebanana. Wa tatu ukaja saa saba usiku, nikiwa kitandani, simu mkononi, macho yameshaingia ukungu. Nikatazama mashua. Imekaa vizuri. Nikatazama jerikeni. Lipo. Nikaandika "Sawa, endeleeni," nikalala. Kulikuwa na nafasi ya kuagiza sampuli moja ya chuma kwa dola 90 na siku kumi za ziada. Nikaona ni ubadhirifu.

Maboksi yalifika baada ya wiki tano. Kwanza tuwamalize watu wa forodha: ushuru, VAT ya asilimia 18 na tozo nyingine ambazo sikuwa nimezipangia, na ujira wa wakala, jumla 1,725,000. Usafiri wa ndege ulikuwa 775,000. Nililipa nusu kwa kukopa. Tukafungua boksi sebuleni kwa mama mdogo, ambaye alikuwa amejitolea kutushonea vifuko vya kitenge. Nikatoa sarafu ya kwanza, nzito, baridi, nzuri ajabu. Matao yamekaa na vivuli vyake. Nikaigeuza. Mama mdogo akavaa miwani, akasoma kwa sauti: "Haujafa mi-yo-o-ni." Akainua uso. "Ndiyo nini?"

MIYOONI. Yule mchoraji wa kiwandani, alipokuwa anapanga upya herufi ili zisibanane, alibadilisha nafasi za O na Y. Yeye hajui Kiswahili, kwake ni herufi tu. Aliyejua Kiswahili ni mimi, nami ndiye niliyesema sawa. Tukafungua la pili, la tatu. Zote 300. Kilichonichekesha, baada ya kulia, ni kwamba mizani haikupungua hata moja na kina kipo palepale. Maana peke yake ndiyo iliyokufa.

Fundi sauti akashauri tunyamaze. "Nani atasoma? Watu wataangalia mashua." Tulibishana mpaka saa nne usiku. Sikuwa na fedha za kugonga upya, hilo lilikuwa wazi. Mwisho nikaandika ujumbe mmoja kwa wote 214, pamoja na picha ya karibu ya neno lenyewe: kosa ni langu, niliidhinisha bila kusoma, sarafu zimetoka hivi, anayetaka fedha zake atazipata ndani ya siku saba. Niliubonyeza kutuma nikazima simu kama mtoto aliyevunja sahani.

Nilipoiwasha asubuhi, watu tisa walikuwa wameomba fedha. Tisa tu. Watatu walinitukana, na mmoja wa hao akaichukua sarafu yake hata hivyo. Wakusanyaji, kwa mshangao wangu, walifurahi. Kwao sarafu yenye kosa ni kitu cha kutafutwa. Mmoja wa Muscat aliniuliza kama atapata mbili. Ila nakuonya usiifanye hii kuwa mbinu. Kosa la kweli watu wanalisamehe. La kupangwa wananusa.

Mambo madogo madogo ya njiani niyapitie haraka. Shaba inachafuka kwa jasho la vidole na kwa hewa ya Dar es Salaam, kwa hiyo ishikwe kwa kitambaa, iingie kwenye kikopo siku hiyohiyo. Mimi niliacha kadhaa mezani wiki mbili, zikafifia, nikazisugua kwa ndimu na majivu kama bibi alivyokuwa akisugua sinia la shaba. Ziling'aa kama dhahabu, na ule weusi wa kikale uliokuwa umewekwa kiwandani kwenye mifereji ya michoro ukatoka wote. Kumi na moja zikaharibika hivyo. Nilipomtumia picha yule mkusanyaji wa Marekani alijibu kwa neno moja, "Astaghfirullah." Jambo jingine, anwani: sanduku la posta bila namba ya simu halitoshi, vifurushi saba vilirudi. Vilevile andika mwenyewe kwenye fomu ya posta kuwa ni medali ya kumbukumbu isiyo fedha, maana neno sarafu likisomwa na mtu wa forodha ng'ambo linaleta maswali. Wa mikoani tuliwatumia kwa mabasi, elfu sita hivi kila kimoja, na hapo hatukupoteza hata kimoja. Makondakta wa mabasi wanastahili kusifiwa.

Ukijumlisha: sarafu na kalibu 3,600,000, ndege 775,000, forodha na wakala 1,725,000, vikopo na vifuko 750,000, posta ya nje 2,449,000, mabasi 360,000, makato ya fedha 310,000. Ndiyo hiyo 281,000 niliyoanza nayo.

Hapa ningeweza kusema tukafa moyo, lakini kilichotokea ni cha ajabu zaidi. Niliichapisha ile hesabu yote, mstari kwa mstari, kama nilivyoiandika hapa. Niliifanya kwa hasira kuliko kwa hekima. Kuna watu walikuwa wameanza kusema tumejengea nyumba. Ndani ya wiki tatu zikaingia 6,150,000 kwenye lipa namba, bila sarafu, bila zawadi yoyote. Elfu tano, elfu mbili, elfu kumi. Mwingine aliandika tu: "Mafuta ya mashua." Kabla ya hapo, bila sisi kulitilia maanani, 3,400,000 zilikuwa zimeshaingia kwa njia hiyohiyo kutoka kwa watu walioandika kabisa kwamba hawataki sarafu, wachangie tu. Tulikuwa tumewaona kama watu wa pembeni. Kumbe ndio walikuwa wachangiaji, wale wengine walikuwa wateja.

Tena si jambo geni. Mwaka 1976 huko Gujarat, Uhindi, wafugaji laki tano wa chama cha ushirika cha maziwa walitoa rupia mbili kila mmoja, ikatengenezwa filamu ya Manthan, inayohusu maisha ya watu kama wao. Hakuna aliyepewa medali. Na hata kwa wakubwa sarafu haiuziki kirahisi: Marekani mwaka 1892 waligonga nusu dola za kumbukumbu kuchangia maonyesho ya Chicago, wakaziuza dola nzima, na nyingi zikabaki mpaka zikaachiwa mitaani zitumike kununulia mkate. Sisi watu wa pwani na bara tunachangia harusi, misiba na ada za watoto wa jirani kila siku ya Mungu, daftari linapita, jina linaandikwa, basi. Nilikuwa na daftari hilo mkononi, nikaliacha nikakimbilia kiwanda cha China.

Sisemi sarafu ni mbaya. Ningefanya tena, ila kwa namna nyingine. Ningegonga mia tu. Ningeagiza sampuli, ningempa mama mdogo aisome kwa sauti. Bei ya kutuma ningeitenga na bei ya sarafu. Ningeziuza mkononi, baada ya watu kuiona filamu na si kabla. Hilo la mwisho nimelijaribu. Zilibaki 95, nikatoa zile 11 za ndimu, nyingine tukawapa waliotusaidia, akiwemo nahodha wetu. Hamsini na nne tumeziuza mlangoni kwenye maonyesho, kwa 20,000 tu, bila boksi, bila foleni ya posta. Hiyo ni 1,080,000 safi, karibu mara nne ya kile ambacho sarafu 205 za kwanza ziliiachia filamu.

Na uandike filamu kwenye tangazo lako kwanza. Picha ya kwanza iwe ya mtu wa filamu yako, si ya sarafu.

Onyesho tulilolisubiri zaidi lilikuwa la Kisiwani kwenyewe. Shuka mbili nyeupe zimeshonwa pamoja, jenereta limewekwa mbali ili lisizidi sauti, watoto mbele mchangani, kinamama kwenye mikeka, manahodha nyuma wamesimama kama vile hawahusiki. Walipojiona kwenye shuka walianza kutaniana mmoja mmoja mpaka nusu ya maneno ya filamu hayakusikika, na fundi sauti wetu, aliyeyasafisha maneno yale kwa wiki sita, akakaa chini akicheka.

Ilipokwisha, nahodha wetu alikuja mbele ya taa ya jenereta. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." "Marahaba, binti yangu." Akatoa sarafu aliyoifunga kwenye pindo la msuli. Aliishika kwa ncha za vidole, akaisogeza kwenye mwanga, akaisoma kwa sauti watu wasikie.

"Kilwa mji wa zamani." Akaigeuza. "Haujafa miyooni." Akanyamaza. "Miyooni ndiyo wapi?"

Watu wakaangua kicheko. Nikaeleza, kwa mara ya mia, habari za usiku ule na simu ile. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Mizani umeipata," akasema. "Lakini ubeti gani huu wa mistari miwili? Umeuacha katikati ya maji." Akatazama baharini kidogo, midomo ikichezacheza, vidole vikihesabu kwenye sarafu. Kisha akaimba, kwa sauti ya mtu anayeita mashua kutoka ng'ambo:

Kilwa mji wa zamani,
Haujafa mioyoni,
Na deni la baharini,
Mlipe wa mashuani.

Kilitokea kimya kifupi, kisha manahodha wote wakageuka kunitazama. Ile safari ya tatu. "Nitakutumia kesho."

Nikatoa simu. Namba yake nilikuwa nayo.